Ringi ya mbele iliyofunguka Wete: kisa cha mfuo mmoja mwembamba

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, masika yamepumua kidogo, pale wanapoziba pancha za gari juu ya bandari ya Wete. Mchuuzi mmoja wa samaki, ambaye nitamwita Ami kwa sababu ndivyo ninavyomwita kila siku, alikuwa ametoka dukani kununua tairi jipya na tyubu mpya za gurudumu la mbele la baiskeli yake. Kijana wa kompresa akalifunga tairi, akatia upepo, akachomoa mpira, akageuka kumhudumia mwenye pikipiki. Ami alikuwa bado anahesabu chenji. Kikalia kishindo ambacho waliokuwa msikitini walikisikia.

Baiskeli ilikuwa imesimama pale pale kwenye stendi yake. Tairi limeruka upande wa kulia, tyubu imechanika mchaniko mrefu kama kiganja, na ukuta wa ringi umefunguka kwenda nje, kama kopo la maziwa lililokatwa kwa kisu na kukunjuliwa. Sehemu iliyofunguka ilikuwa na urefu wa shibiri moja na nusu, na kipande kama cha vidole vinne kikang'oka kabisa. Kilimchubua Ami mkono, juu kidogo ya kifundo. Alhamdulillahi, hapakuwa na zaidi ya hapo. Jioni iliyotangulia, gurudumu lile lile lilikuwa limeteremka mlima na tenga la samaki nyuma.

Kufika adhuhuri washitakiwa walikuwa wanne. Ami alisema tairi ni bovu, au si saizi yake, na mwenye duka kamdhulumu. Mwenye duka akasema kosa ni la kompresa, kijana katia upepo kama wa gari. Kijana wa kompresa akasema mzee huyu anapakia samaki kama gari ya ng'ombe, ringi gani itastahamili. Na wazee waliokaa barazani wakasema ni chumvi, maji ya samaki yameila ringi. Mwisho wakaniletea gurudumu mimi, fundi wao wa baiskeli, wakanitaka niseme mwenye kosa ni nani.

Nimeona niliandike jambo hili kwa urefu, kwa sababu mbili. Kwanza, ringi yenyewe ilikuwa na alama iliyotengenezwa makusudi kuzuia siku kama ile, na hakuna aliyeisoma. Pili, miongoni mwa wasioisoma nilikuwemo mimi.

Baiskeli yenyewe

Ni baiskeli ya mtumba iliyokuja kwa kontena kutoka Ujerumani, zile za mjini, za watu kwendea kazini. Gurudumu ni la 28, ringi zote mbili za aluminiamu, spoki 36 kila gurudumu. Breki zake ndizo ufunguo wa kisa hiki, kwa hiyo nizieleze vizuri. Breki ya mbele ina mikono miwili iliyosimama pembeni ya uma, kila mkono una raba, na ukibana kishikio raba zinaikamata ringi kushoto na kulia. Breki ya nyuma haigusi ringi kabisa: imo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, unakanyaga pedali kinyumenyume nayo inashika. Breki mbili tofauti katika baiskeli moja. Lishike hilo, tutalirudia.

Ami huchukua samaki soko la Tumbe, akapita Konde, akaja kuuza Wete. Pemba si tambarare. Unapanda, unateremka, unavuka bonde la mpunga, unapanda tena. Mwenye mzigo huteremka ameshika breki mkononi muda wote, na wakati wa mvua ile njia inarusha udongo mwekundu na mchanga kwenye magurudumu. Tenga liko kwenye keria nyuma, na maji ya samaki yanadondoka humo humo njia nzima.

Shitaka moja moja

Nilianza na tairi, kwa sababu Ami ndiye aliyeumia na ndiye aliyekuwa na hasira. Shitaka lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Hapa kwetu ukisema "ishirini na nane" unaweza kumaanisha vitu viwili visivyoingiliana. Zile baiskeli nyeusi za zamani, za Uingereza, na baadaye za Uhindi na za Uchina zilizofuata umbo hilo hilo, zina tairi la 28 ambalo kwa vipimo vya kisasa huandikwa 40-635. Hizi za mitumba ya Ulaya zina tairi la 28 linaloishia na 622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokaa ndani ya ringi, na hii ya pili ndiyo yenye kukata kesi. Kati ya 635 na 622 kuna milimita 13. Tairi la 635 ukilivisha kwenye ringi ya 622 litaingia bila taabu, tena utafurahi kwamba limeingia kwa mikono mitupu, kisha ukilitia upepo litapanda juu ya ukingo na kuruka. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo Ami alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini tairi alilouziwa lilikuwa limeandikwa 37-622, na ringi yake, karibu na tundu la valvu, imepigwa muhuri 622x19. Hiyo 19 ni upana wa ndani wa ringi. Vilikuwa vinachukuana. Nikaupapasa waya wa tairi mzunguko mzima: haujakatika, haujatanuka, mpira wake haujachanwa popote isipokuwa mkwaruzo mmoja mkabala na mahali ringi ilipofunguka. Tairi lilisukumwa nje na ringi iliyokwisha kufunguka. Mwenye duka akatoka katika kesi.

Kompresa haikunichukua muda. Kijana alisema geji ilisoma 55 PSI, ndicho kipimo cha nguvu ya upepo, na ubavuni mwa tairi pameandikwa lisizidi 70. Tuseme geji yake inakosea kidogo. Bado ringi nzima ilipaswa kustahamili. Tena upepo ukizidi kwenye ringi yenye nguvu, kwa kawaida kinachoshindwa kwanza ni tairi: linapanda ukingoni, tyubu inachomoza kama puto na kupasuka. Ukuta wa ringi haufunguki kama kopo.

Mzigo nao haukuwa na ushahidi. Mzigo unakaa nyuma, na kilichovunjika ni cha mbele. Ni kweli kwamba ukiteremka na kushika breki uzito unahamia mbele, lakini ringi iliyoonewa na uzito huwa na alama zake: ukingo uliobonyea kwa jiwe au shimo, spoki zilizolegea au kukatika, ufa unaoanzia kwenye matundu ya spoki. Niliyapitia matundu yote 36. Kila tundu lina kijipete cha chuma kilichogandamizwa kuzunguka, ambacho kazi yake ni kutawanya mvuto wa nati ya spoki usiichane aluminiamu laini. Vipete vyote vilikuwa mahali pake, hakuna hata ufa wa unywele.

Mtu mmoja aliyesimama pembeni akauliza kama si pale kwenye kiungo. Swali zuri. Ringi ni ubapa mrefu uliokunjwa duara na ncha zake kuunganishwa, na kiungo hicho kwa kawaida huwekwa mkabala kabisa na tundu la valvu, upande wa pili wa duara. Ukikitaka kiungo, tafuta valvu kisha nenda nusu mzunguko. Nikaenda. Kiungo kilikuwa kizima, na mahali palipofunguka pako mbali nacho, kama robo ya mzunguko.

Likabaki la chumvi, na wazee hawakuwa wanabahatisha. Chumvi ndiyo iliyozimaliza baiskeli za baba zetu. Ringi ya chuma inaoza kuanzia ndani, kwenye matundu ya nati, mahali ambapo maji huingia na hayatoki, na rangi ya fedha ya juu inabaki inang'aa mpaka siku unapoibonyeza kwa kidole ukasikia inapasuka kama kaki. Aluminiamu haishiki kutu ya namna hiyo; inatoa unga mweupe na vishimo vidogo. Nikasema: kama ni chumvi, basi tuliangalie gurudumu la nyuma, maana maji ya samaki yanadondokea huko.

Tukalifungua. Lilikuwa na unga mweupe kwenye vipete na magamba ya dagaa yamekauka katikati ya spoki, harufu yake mnaijua. Lakini kuta zake zilikuwa zimesimama wima, bapa, nene. Ringi mbili za kiwanda kimoja, za umri mmoja, zimepita njia moja, na iliyooga chumvi zaidi ndiyo nzima. Tofauti yao ni moja tu: ya nyuma haijaguswa na raba ya breki hata siku moja.

Unene wa ukuta

Hapa nitakaa kidogo.

Ringi ikikatwa kwa msumeno utaona ina umbo kama la kisanduku chenye masikio mawili yaliyosimama juu. Masikio hayo ndiyo kuta. Juu kabisa kila ukuta umejikunja kidogo kuelekea ndani, kama kulabu, na kulabu hiyo ndiyo inayoushika waya wa tairi usikimbie. Upande wa nje wa ukuta huo huo ndipo raba ya breki inapobana. Kwa hiyo ukuta mmoja unafanya kazi mbili zisizopendana: ndani unazuia upepo usitoke, nje unasagwa kila ukiteremka mlima.

Kwa ringi ya mbele kupima kulikuwa rahisi, kwa kuwa kipande kilikwisha kung'oka. Nilichukua kalipa, ile rula ya chuma yenye mataya mawili, nikabana kwenye mstari wa mkatiko: milimita 0.6. Kwa ringi nzima haiwezekani kubana hivyo, maana ile kulabu ya juu inaizuia taya ya ndani. Mafundi tuna njia yetu. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kata vipande viwili vifupi vya spoki, kimoja kiweke ndani ya ukuta chini ya kulabu, kimoja nje mahali raba inapopita, bana kalipa juu ya vyote, kisha toa 4. Ringi ya nyuma ikanipa 5.6, yaani ukuta wa milimita 1.6. Ukuta wa kushoto wa ringi ya mbele ukanipa 1.1. Ukuta wa kulia, hata mahali ambapo haukufunguka, ulikuwa kati ya 0.6 na 0.8. Chini ya milimita moja mimi siiruhusu ringi iondoke kwangu.

Nilimpa Ami kipande akiguse. Upande wa nje kilikuwa kimebonyea katikati kama tumbo la ndani la kijiko, laini, kinang'aa. "Mbona kama kimepigwa msasa?" akaniuliza. Ndivyo hasa. Msasa ni raba ya breki pamoja na mchanga wa njiani. Aluminiamu inayochubuliwa inatoa vijichembe vinavyojikita ndani ya raba, navyo vinachubua zaidi. Ule uji mweusi unaouona ukiosha baiskeli siku ya mvua ni ringi yako, si matope peke yake.

Kisha nikamwonyesha mfuo. Kwenye ukuta wa kushoto, katikati ya njia ya raba, ulikuwepo mstari mwembamba uliochimbwa kuzunguka ringi nzima, wa kina kidogo sana. Mahali pengine umekuwa hafifu, lakini ukipitisha ukucha kutoka juu kwenda chini unajikwaa. Upande wa kulia ukucha unateleza, hakuna kitu. Ami alishangaa. Miaka yote alidhani ule mstari ni pambo, na ulipopotea upande mmoja alidhani umezibwa na uchafu.

Mfuo ule ni kipimo. Kiwandani huchimbwa kwa kina kilichohesabiwa, kwamba raba ikila ukuta mpaka chini ya mfuo, unene uliobaki si wa kutembelea. Mstari ukitoweka, ringi imekwisha. Baadhi ya ringi hazina mstari, zina kitundu kidogo mfano wa kichwa cha pini, kimoja au viwili, pembeni. Nacho kinasomwa hivyo hivyo, kikifutika umefika mwisho. Na ziko nyengine zilizofanya kinyume chake: kitundu kimefichwa kwa ndani, hakionekani, kisha ukuta ukiliwa kinachomoza. Lazima ujue ringi yako ni ya aina gani, kwa sababu alama ile ile, kutokea kwake kwenye moja ni salama na kwenye nyengine ni hatari. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinamtaka mtengenezaji amtahadharishe mpanda baiskeli pale ambapo ringi ni sehemu ya breki na inaweza kuvunjika kwa kusagika. Tahadhari hiyo kontena halikuifuta. Ilifika mpaka Wete. Tatizo ni kwamba ilifika kwa lugha ya mfuo, nasi hatukufundishwa lugha hiyo.

Kwa nini hatukufundishwa, nadhani najua. Baiskeli tulizokulia, zile nyeusi zilizobeba magunia ya karafuu kutoka mashamba mpaka kituoni, zilikuwa na breki za fimbo. Ukibana, fimbo inavuta raba mbili kwenda juu, zinaigusa ringi kwa ndani, upande ule unaoelekea habu, karibu na spoki. Kuta zinazolishika tairi hazikuguswa na chochote. Na ringi ilikuwa ya chuma, ngumu. Raba ndiyo iliyokwisha, ringi ilibaki. Mvua ikinyesha breki zile zilikuwa kama hazipo, kila mtu aliyeteremka nazo mlima na mvua anajua, na watengenezaji wengine walijaribu kuipiga ringi ya chuma vidoto vidogo vidogo mzunguko mzima ili raba ipate pa kushika. Aluminiamu ilileta breki inayoshika hata majini, na bei yake ni kwamba ringi yenyewe inaliwa. Babu zetu walisema ringi haiishi isipokuwa kwa kutu, nao walisema kweli kwa ringi waliyoijua. Sisi tumelirithi neno, tumebadilisha ringi.

Kwa nini kulia, na kwa nini siku ile

Ukuta wa kulia uliliwa karibu mara mbili ya wa kushoto. Sababu niliikuta kwenye mikono ya breki. Kila mkono una springi, na chini yake iko skurubu ndogo ya kusawazisha. Ya kushoto ilikuwa imekazwa kupita kiasi, kwa hiyo mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye ringi. Hata Ami akiachia kishikio, raba ya kulia ilikuwa bado inaigusa kidogo. Ilisaga njiani kote, akipanda na akiteremka, na sauti yake, ule mkwaruzo wa shrr shrr, aliizoea.

Sasa suala gumu. Ukuta wa milimita 0.6 haukufika hapo kwa usiku mmoja. Ulikuwa mwembamba hivyo kwa miezi. Kwa nini ulifunguka Jumamosi, baiskeli imesimama, haina mzigo?

Jibu lilikuwa kwenye tundu la valvu, na lilinichukua muda kuliona kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuridhika. Angalia matundu ya spoki kwenye ringi: hayakai kwenye mstari mmoja. Moja limeegemea kushoto kidogo, linalofuata kulia, kwa sababu spoki moja inakwenda bawa la kushoto la habu na ya pili la kulia. Fundi anayesuka gurudumu anatakiwa asome tundu la kwanza karibu na valvu limeegemea wapi, kisha aanze hapo, ili mwisho wa kazi valvu iwe katikati ya spoki mbili zinazoachana, pawe na nafasi ya kuingiza kichwa cha bomba. Ukianza tundu moja mbele au nyuma, gurudumu litasukika, litazunguka sawa, halitayumba. Ila valvu itajikuta chini ya spoki mbili zinazokutana juu yake kama makombamoyo ya paa.

Gurudumu la Ami lilisukwa upya miaka fulani nyuma, spoki zilipokatika, na fundi aliyelisuka alianza pasipopaswa. Tyubu ya zamani ilikuwa na valvu ile nyembamba yenye kofia ya nati, na bomba la Ami la mkono lina kichwa chenye mkono wa kubania. Mkono huo ulikuwa unagota kwenye spoki. Haukulala vizuri, upepo ulivuja akipampu, naye akichoka akilibonyeza tairi kwa kidole gumba akasema linatosha. Nilimwambia alijaze tairi la nyuma kwa kiasi anachokizoea mbele, nikapima: 28 PSI. Kwa miaka yote hiyo ringi ya mbele haikuwahi kubeba zaidi ya hapo.

Siku ile alinunua tyubu yenye valvu ya gari. Mpira wa kompresa una shingo nyembamba, ukapita katikati ya spoki bila taabu, na kwa mara ya kwanza tangu gurudumu lisukwe tairi la mbele likajazwa sawasawa. Kwa 28 PSI kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya kilo mbili. Kwa 55 ni karibu kilo nne. Nguvu hiyo inausukuma ukuta kwa nje, na waya wa tairi unaivuta ile kulabu kwa nje vile vile, mzunguko wote wa karibu sentimita 195. Ukuta uliokuwa ukiistahamili nusu haukustahamili kamili. Kosa la msukaji wa gurudumu, bila yeye kujua, ndilo lililoificha hatari ya breki kwa muda wote ule. Kijana wa kompresa alifanya kazi yake vizuri kuliko mtu mwengine yeyote katika kisa hiki, na akatukanwa kwayo.

Na mimi. Wakati wa vuli Ami aliniletea baiskeli hiyo, akasema breki ya mbele haishiki. Nilitoa raba kuukuu, nilichokoa vipande vya aluminiamu vinavyong'aa vilivyojikita ndani yake, nikaviona kwa macho yangu, nikavitupa. Nikaweka raba mpya, nikakaza, nikamwambia tayari. Skurubu ya springi sikuigusa. Ukucha sikuupitisha. Nilitazama kitu nilichoambiwa nikitazame, na raba zile mpya ndizo zilizomaliza kazi. Nilimwambia Ami hivyo hivyo, mbele ya wote waliokuwepo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimepanda juu yake miaka sita na sikuona. Tusameheane." Akageuka kwa mwenye duka na kijana wa kompresa, akawaomba radhi mmoja mmoja.

Yaliyofanyika

Tairi lilirudishwa kazini, lilikuwa zima. Tyubu ililipiwa na mimi. Ringi nyengine ya 622 yenye matundu 36 tuliipata Chake Chake kwenye magurudumu ya mtumba. Nilikataa mbili kabla ya kuichukua ile ya tatu: moja ukuta wake ulinipa 0.9, ya pili ilikuwa nene lakini vipete viwili vimeanza kuchana aluminiamu. Ya tatu ilikuwa na milimita 1.5 pande zote mbili na mfuo unaokwaza ukucha kulia na kushoto. Nililisuka gurudumu nikianzia tundu sahihi, valvu iko kati ya spoki zinazoachana, na kichwa cha bomba la Ami kinalala pale bila kugota. Springi za breki nilizisawazisha mpaka raba zote mbili zikawa zinaondoka kwenye ringi kwa pamoja. Nimemwambia kila Ijumaa aoshe njia ya raba kwa maji baridi na kitambaa, achokoe vichembe kwenye raba kwa ncha ya kisu, na mstari ukianza kufifia asingoje utoweke.

Kwa ringi isiyo na mfuo wala kitundu, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, ninatumia makali ya rula ya chuma. Nalisimamisha juu ya njia ya raba na kuangalia dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya katikati, ukuta umebonyea, na hapo vipande viwili vya spoki na kalipa vinatoka mfukoni. Dalili nyengine ni breki inayoshika na kuachia mara moja kila mzunguko, kama inajikwaa mahali pamoja: huenda ukuta umeanza kutoka nje. Hiyo si ya kungoja kesho. Toa upepo kwanza, hapo hapo ulipo, ndipo uikokote.

Kontena lile lilileta baiskeli nyingi za namna hiyo, na kwa kuwa ziliingia pamoja zinazeeka pamoja. Nimeshazipitia saba hapa Wete. Tano zina mfuo wake. Mbili nimezizuia, magurudumu yake ya mbele yananing'inia kwenye msumari ukutani hayana upepo. Ya nane ni ya mwalimu mmoja wa Gando, huipanda kila siku kwenda skuli. Nimempelekea salamu aje nayo wiki hii, na akiikuta asubuhi tairi la mbele limelala, asilitie upepo njiani, aikokote.